Kusema, Kunena, Kuamba na Kugomba: Historia ya Vitenzi vya Usemaji katika Pwani ya Moa, Tanga

Katika Kiswahili Sanifu, mtu anayegomba anakaripia au anateta. Katika Kidigo, mtu anayegomba anasema tu: anatoa maneno kinywani, kwa upole au kwa ukali, na kitenzi chenyewe hakimhukumu. Lugha hizi mbili zimekaa pamoja katika vijiji vya kaskazini ya Tanga kwa karne nyingi, zikisikika katika nyumba moja, katika chombo kimoja cha uvuvi, na mara nyingi katika kinywa kimoja. Hata hivyo wanahistoria walioandika juu ya pwani hiyo hawakuona haja ya kuuliza ni kitenzi kipi kilichotumika pale mzee alipotoa habari zake. Waliandika kwamba mzee "alisema", wakaendelea na safari yao. Insha hii inadai kwamba katika neno hilo moja lililorukwa mna sehemu ya historia ya pwani, na kwamba mtafiti anayelirekebisha neno hilo anapoinakili kanda yake huwa anafuta ushahidi ambao hautapatikana mahali pengine.

Mahali pa kuanzia ni Moa. Kijiji hiki kimo katika wilaya ya Mkinga, iliyomegwa kutoka Muheza, kwenye ghuba yenye mikoko, kaskazini ya mji wa Tanga na karibu na mpaka wa Kenya. Majirani zake wa pwani ni Jasini, Mayomboni, Boma, Manza na Kwale. Ng'ambo ya mpaka iko Vanga, na mbele yake kisiwa cha Wasini. Wakazi wa eneo hili ni Wadigo, Wasegeju na watu wa miji ya kale wanaojihusisha na Wavumba au Washirazi, na ndoa za karne nyingi zimewachanganya kiasi kwamba kuwatenganisha kwa lugha ni kazi isiyo na faida kubwa. Ipo hata hivyo tofauti moja ambayo haiwezi kupuuzwa. Wadhaiso wa Bwiti na Daluni, chini ya milima ya Usambara, wanahesabiwa kuwa ndugu wa Wasegeju, lakini lugha yao ni ya kundi la Kikamba na Kikuyu, ilhali lugha ya Wasegeju wa pwani imekaribiana sana na Kidigo. Derek Nurse aliitumia tofauti hiyo mwaka 1982 kupima masimulizi ya wazee kwa ushahidi wa lugha. Wasegeju wametajwa na Wareno katika habari za mwaka 1589, walipoisaidia Malindi dhidi ya Wazimba. Kwa hiyo watu hawa wana historia ndefu ya kuhama, kufanya mapatano na miji, na hatimaye kuacha lugha moja na kushika nyingine. Mtu anayeacha lugha yake hubadili kwanza maneno ya sokoni na ya chomboni, lakini siku anapobadili kitenzi cha kusema, lugha ya zamani imekwisha kutoka nyumbani.

Vitenzi vinavyohusika hapa ni vinne, na hadhi zao hazilingani. Kusema ndicho kitenzi cha kawaida cha Kiunguja na cha Kiswahili Sanifu. Kunena ni kitenzi cha kila siku katika Kimvita, lakini katika Kiswahili Sanifu kimepandishwa daraja: mtu wa kawaida husema, kiongozi au mshairi hunena. Kugomba ni cha Kidigo kwa maana ya kusema na cha Kiswahili kwa maana ya kukaripia. Kuamba ndicho chenye historia ya ajabu kuliko vyote, na kinastahili nafasi kubwa zaidi.

Kuamba ni kitenzi cha kale sana katika lugha za Kibantu. Waganda husema okugamba, na vivyo hivyo Wanyankole. Sauti g ya mwanzo ilidondoka katika lugha za pwani kama ilivyodondoka katika kitenzi kingine kinachofahamika, kwani genda ya Kiganda ndiyo enda ya Kiswahili. Katika lahaja za kaskazini na katika tenzi za kale kitenzi hiki kilikuwa hai kabisa: mtu huamba, watu huamba, na jambo huambwa. Katika Kiswahili cha leo, mtoto wa shule akiulizwa kitenzi "amba" kina maana gani, huenda akajibu kwamba hakuna kitenzi cha namna hiyo, naye katika jibu lake mwenyewe atakuwa amekitumia mara mbili au tatu. Kwani kitenzi hiki hakikufa. Kimehamia katika sarufi. Kiunganishi "kwamba" si kingine ila kuamba. Kirejeshi "ambaye", "ambacho", "ambapo" ni amba pamoja na viambishi vya ngeli. Kitenzi "ambia" ni amba katika kauli ya kutendea. Mtu anayeandika "alimwambia kwamba yule ambaye amefika ni mgeni" ametumia shina moja mara tatu katika sentensi moja, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu ambamo analisikia. Vivyo hivyo anayeandika "kusema kwamba" ameandika, kwa mujibu wa asili ya maneno, "kusema kusema".

Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: kwa nini ambia ilibaki katika Kiunguja na kisha katika Kiswahili Sanifu, hali amba yenyewe iliondoka? Jibu liko katika kitenzi kilichochukua nafasi yake. Kusema ni kitenzi kisichohitaji msikilizaji. Mtu aweza kusema peke yake, kusema ukweli, kusema Kiswahili, kusema na mwenzake. Lakini kikitiwa kiambishi cha kutendea, "kumsemea mtu", maana huwa ama kusema kwa niaba yake, ama kumshtaki kwa wakubwa, kama vile mtoto anavyowasemea wenzake kwa mwalimu. Nafasi ya kumpasha mtu habari haikuwa wazi katika semea. Ilikuwa imekwisha kushikwa na maana nyingine. Hivyo lugha iliyoiacha amba ililazimika kumbakisha mtoto wake ambia, na mpaka leo Mswahili husema jambo lakini humwambia mtu. Ndiyo sababu masimulizi ya Kiswahili huenda kwa miguu miwili: akamwambia, akasema. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi na kuchapishiwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila kuanzia miaka ya 1890, alijaza kitabu chake mazungumzo ya wafalme, wazee na wajumbe wa Usambara na Bonde, na mazungumzo hayo yote hutembea kwa miguu hiyo. Kitabu hicho ni hazina ya historia ya Tanga. Ni hazina pia ya namna watu wa Tanga walivyoripoti maneno ya wenzao, ingawa wasomaji wachache wamekifungua kwa ajili hiyo.

Kidigo kina mgawanyo unaofanana na huo, lakini kwa maneno tofauti. Hadithi ya Kidigo huendeshwa na achigomba na achimuambira: akasema, akamwambia. Sehemu ya pili ni ile ile ya Kiswahili. Sehemu ya kwanza ndiyo inayomshtua mgeni. Wakusanyaji wa kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 2004 waliipa jina la Mgombato, yaani mazungumzo au usemi. Msomaji wa Dodoma anayelisoma jina hilo kwa sikio la Kiswahili Sanifu aweza kudhani amekutana na kitabu cha ugomvi. Msomaji wa Moa hapati shida.

Je, gomba ya Kidigo na gomba ya Kiswahili ni neno moja? Mfanano wa sauti peke yake hautoshi, kwani lugha zina maneno mengi yanayofanana kwa bahati. Ushahidi ulio na nguvu unatoka katika mwenendo wa vitenzi vya usemaji kwa jumla. Katika Kiswahili, kitenzi cha kusema kikipewa mtu kuwa mtendwa, maana yake huchacha. Kusema si kosa; lakini "kumsema mtu" ni kumlaumu mbele yake au kumteta nyuma yake, na mama humwonya mwanawe, "Usimseme mwenzio." Kuamba pia si kosa, lakini "kuamba watu" ni kuwasengenya. Ukienda mbali zaidi, hali ni hiyo hiyo: kwa Waxhosa ukuthetha ni kusema, kwa Wazulu ukuthethisa ni kukaripia, na huku pwani kuteta ni kulalamika, kubishana au kusengenya. Njia hii imekanyagwa mara nyingi kutoka neno la kusema hadi neno la kulaumu, wala hakuna sababu ya kushangaa kwamba gomba nayo imeipita. Kilichotokea ni kwamba Kidigo kilibaki mwanzoni mwa njia na Kiswahili kilifika mwishoni.

Maoni haya yana matokeo ya kihistoria yasiyo madogo. Ikiwa maana ya kukaripia ilizaliwa kutoka maana ya kusema, basi Wadigo hawakukosea neno la Kiswahili, kama walimu wa shule walivyozoea kudhani, bali wamehifadhi maana iliyo kongwe. Dharau dhidi ya lugha ya wenyeji wa bara ya karibu ni jambo la zamani katika miji ya pwani. Mtu wa mji aliyesikia kijana wa Kidigo akisema kwamba alikuwa "akigomba" na mzee wake alikuwa na fursa ya kucheka, na kicheko hicho kilifanya kazi ya mpaka: kilimtenga mwenye mji na mwenye shamba. Ustaarabu wa pwani, kwa maana ya neno hilo la kale, ulipimwa kwa mavazi, kwa dini na kwa nyumba, lakini ulipimwa pia kwa ulimi, na kitenzi cha kusema hujitokeza mara nyingi sana katika maongezi.

Hapa inafaa kutoka pwani kidogo, ili jambo lisidhaniwe kuwa la Moa peke yake. Wadenmark wana vitenzi vitatu vya kila siku kwa kazi hii: sige kwa kutoa maneno fulani, tale kwa kuongea au kusema lugha, na snakke kwa mazungumzo ya kawaida yasiyo na sherehe. Kitenzi cha tatu hakikuzaliwa nyumbani. Kilitoka katika Kijerumani cha pwani ya kaskazini, lugha ya wafanyabiashara waliotawala bandari za Bahari ya Baltiki katika zama za kati. Tale ilibaki kwa hotuba na kwa mambo yenye uzito, ingawa hutumika pia katika maongezi ya kawaida, na neno la bandarini likashika sebule. Lugha inayoingia kwa jahazi haileti tu majina ya vitambaa na vipimo. Yaweza kuleta hata neno la kuzungumzia. Katika pwani ya Tanga jahazi zilikuja kutoka pande mbili, na kila upande ulikuwa na kitenzi chake.

Upande wa kaskazini ulikuwa Vumba, Wasini na Mombasa. Vumba ulikuwa mji wenye diwani wake, na habari zake ziliandikwa na A. C. Hollis mwaka 1900. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya Kimvita, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Katika ulimwengu huo, kunena na kuamba vilikuwa vitenzi vya watu wazima wenye heshima zao. Upande wa kusini ulikuwa Unguja. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 na kuchapisha mwongozo wake wa Kiswahili "kama kinavyosemwa Unguja" mwaka 1870. Wamisionari wenzake walikuwa wamefika Magila, katika nchi ya Bonde, mwaka 1868. Kwa hiyo Kiunguja kiliingia Tanga kwa njia mbili: kwa biashara na utawala wa Sultani kupitia miji ya Tanga na Pangani, na kwa vitabu kupitia shule za misheni za bara. Moa ilikuwa katikati, na ilikuwa karibu na Vanga kuliko Unguja.

Siasa ndiyo iliyoamua. Mpaka uliofuata makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 uliiacha Vanga kaskazini na Moa kusini. Watu wa koo moja walijikuta chini ya bendera mbili; mwezi Januari 1915, pale Jasini, majeshi ya bendera hizo yalipigana katika ardhi ya vijiji hivyo. Kwa upande wa lugha, matokeo yalianza mapema zaidi. Mwaka 1890, mwaka ule ule ambao pwani ilikatwa rasmi kutoka milki ya Sultani, Walter von Saint Paul-Illaire alichapisha mwongozo wa Kiswahili kwa Wajerumani. Afisa huyu aliyekuja kuitawala wilaya ya Tanga anakumbukwa zaidi ulimwenguni kwa ua la Usambara lililopewa jina lake kuliko kwa kitabu chake. Shule ya serikali ya Tanga ilianzishwa katika miaka hiyo ya 1890, na kutoka matbaa yake likatoka gazeti la Kiongozi mwaka 1904. Makarani, walimu na maakida waliotoka katika shule hiyo walitawanywa pwani na bara. Kiswahili chao kilikuwa cha maandishi, na katika maandishi hayo watu walisema. Aliyebaki kuamba au kunena katika mambo ya kila siku alikuwa mzee wa kijijini, au mshairi.

Kuna jambo zito zaidi katika habari hii ya makarani. Mashauri ya vijijini yalisikilizwa na akida au liwali na kuandikwa kwa Kiswahili, na hukumu zilitegemea yaliyoandikwa. Tuseme shahidi wa Kidigo alieleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha yake, kwamba aliwakuta watu wawili wakigomba chini ya mwembe jioni kabla ya mmoja wao kukutwa amejeruhiwa. Karani wa Tanga au wa Pangani asiyejua Kidigo angeandika kwamba walikuwa wakigombana. Maongezi ya majirani wawili yangegeuka kuwa ugomvi kabla ya tukio, na ugomvi kabla ya tukio ni nusu ya hatia. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mazingira yake si ya kubuni: kitenzi kipo, tofauti ya maana ipo, na mfumo wa kuandika kwa lugha ya tatu ulikuwapo kwa miongo mingi, chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza. Mwanahistoria anayesoma majalada ya mashauri ya pwani hii na kukuta wingi wa "magomvi" hana budi kujiuliza mangapi kati yake yalianza kama mazungumzo.

Chini ya Waingereza kazi ilimalizwa kwa utaratibu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi nne ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Wapenzi wa Kimvita walinung'unika, na manung'uniko yao yana fasihi yake. Watu wa Moa hawakuulizwa na hawakunung'unika kwa maandishi. Lakini ni haki kukiri kwamba usanifishaji uliwarudishia kitu ambacho mpaka uliwanyang'anya: mtoto wa Vanga na mtoto wa Moa, mmoja Kenya na mwingine Tanganyika, walianza kusoma lugha moja ya kitabu. Gharama yake ilikuwa kwamba lugha yao ya nyumbani, ambayo pia ilikuwa moja, haikuwa na nafasi katika kitabu hicho.

Kamati hiyo hiyo, au mrithi wake, ndiyo iliyookoa sehemu ya kilichokuwa kikipotea. Katika miaka ya 1950 ilichapisha mfululizo wa vitabu vidogo vya lahaja: Wilfred Whiteley aliandika juu ya Kimtang'ata mwaka 1956, yaani lahaja ya Mrima kusini ya mji wa Tanga, na H. E. Lambert akafuata na Kivumba mwaka 1957 na Kichifundi mwaka 1958. Vitabu hivi vinasomwa leo na wanaisimu kwa ajili ya sauti na viambishi. Havisomwi sana na wanahistoria, na hilo ni kosa, kwani ndani yake mna matini zilizoandikwa kama zilivyotamkwa. Linganisha na maelezo ya E. C. Baker juu ya historia ya Wasegeju, yaliyochapishwa mwaka 1949, au yale ya Hollis juu ya Vumba. Hayo ni ya thamani kubwa kwa matukio na nasaba, lakini yameandikwa kwa Kiingereza, na katika tafsiri hiyo vitenzi vyote vya usemaji vimeyeyuka. Msomaji hawezi kujua kama mzee aliyetoa habari za kutoka Shungwaya alisema, aliamba, au alitia neno dogo "eti".

Neno hilo dogo lina uzito wake. Eti na ati huhusishwa na kitenzi kongwe cha Kibantu, -ti, chenye maana ya kusema au kunena hivi. Yaani "ati" ilikuwa "asema". Leo anayesema "eti alifika jana" anaripoti habari na papo hapo anajitenga nayo. Kitenzi cha kuripoti kimekuwa alama ya shaka. "Kwamba", kwa upande wake, haina shaka wala imani, inaunganisha tu. Na "wazee walituambia" inabeba imani, kwa kuwa inamtaja mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji ndiye huyo anayeeleza. Msimulizi wa kijijini anazo basi daraja tatu za kupima ukweli wa habari anayoitoa, naye huzitumia bila kufundishwa. Anapofika kwenye nasaba ya ukoo wake ataambiwa. Anapofika kwenye madai ya ukoo jirani, eti itajitokeza. Mtafiti akizisawazisha zote kuwa "alisema kwamba", amechukua habari na kuiacha mizani.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, alikuwa mtu wa pwani hii na mjumbe wa Kamati ya Lugha pia. Kazi zake hushika pande zote mbili: usanifu wa shule na utajiri wa lugha ya nyumbani. Alionyesha kwamba kunena hakukuhitaji kuwa neno la wafu. Hata hivyo, kupitia kwa waandishi wa namna yake, kunena kukawa neno la heshima, na neno likishafanywa la heshima halirudi jikoni. Wanafunzi waliomsoma waliliandika katika insha zao na kulitamka katika mashairi, lakini hawakumwita mdogo wao wakamwuliza, "Wanena nini?"

Kizazi cha sasa kina kitenzi kingine tena. Kuongea, ambacho kwa wazee kilikuwa ni kupitisha muda kwa maneno matamu, kimechukua kazi ya kusema katika miji mingi ya Tanzania bara. Kuzungumza nako, ambako Steere alikuandika "zumgumza", kulitoka katika maana ya kujiburudisha na kufika kwenye meza za mikutano, ambako serikali mbili "huzungumza" juu ya mpaka. Kijana haulizi tena "Wasema Kiingereza?" bali "Unaongea Kiingereza?", na anapomsikia bibi yake akisema kwamba fulani "hasemi", anaweza kudhani ni bubu, kumbe bibi anaarifu kwamba amenuna. Wapo wanaoiona kuongea kuwa uharibifu. Hoja yao ni dhaifu: njia iliyopitwa na kuongea, kutoka maongezi ya starehe hadi usemaji wa kawaida, ndiyo iliyopitwa na snakke kule Denmark. Lenye kutia wasiwasi ni kwamba Kiswahili cha mjini sasa kinaingia Moa kwa redio, simu na shule kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza kinaingia hadi katika nyumba za Kidigo na Kisegeju ambazo Kiunguja cha karani hakikufika.

Kwa mtafiti anayekwenda huko leo kukusanya habari za vita vya Jasini, za uvuvi, za koo au za mashamba, haja ya kubadili njia za kazi ni ya sasa. Kanuni nyingi za kunakili mahojiano huruhusu "kusanifisha lugha bila kubadili maana", kwa ajili ya msomaji. Kwa vitenzi vya usemaji kanuni hiyo haifai, maana kusanifisha kwenyewe ni kubadili maana. Gomba iachwe gomba, na maelezo yawekwe kando. Amba iachwe amba, hata kama inaonekana kama kosa la uchapaji. Eti isifutwe kwa kuwa ni neno la mtaani. Pale mzee anapohama katika sentensi moja kutoka Kiswahili kwenda Kidigo ili kuleta maneno ya marehemu baba yake, mahali pa kuhamia paonyeshwe, kwa sababu mara nyingi ndipo mahali ambapo msimulizi anaacha kueleza historia na kuanza kumnukuu mtu aliyemsikia kwa masikio yake. Kanda zilizokwisha kunakiliwa kwa njia ya zamani zisitupwe. Zisikilizwe upya, na kazi hiyo ianze na zile za wasimulizi ambao hawapo tena kuulizwa walikuwa wakisema au wakigomba.